"Sikuuona mwezi" si sawa na "mwezi haukuandama"

Mhariri, asalaam alaikum, na salamu kwa wasomaji wote.

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Malindi, mtaa wa Majengo, na leo imebidi niandike manake ile barua mliyoitoa majuzi ya yule ndugu asiyeamini Mungu imenikaa kifuani wiki nzima. Ndugu mwenyewe aliandika vizuri, sitaki kumvunjia heshima, lakini alifika mahali akasema yeye na wenzake wana hakika, si kwamba wanadhani, wana hakika kwamba sisi wenye dini sote tumekosea, Waislamu, Wakristo, Mabaniani, wazee wa kaya za Mijikenda wenye dini ya jadi, sote kwa mpigo. Hapo ndo nikaliweka gazeti chini.

Kwanza haki yake naitambua. Katiba yetu ya 2010 inamtaja Mwenyezi Mungu pale mwanzo kabisa, lakini katiba hiyohiyo kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa, na cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini na imani, na mimi nafahamu kwamba uhuru huo unamlinda hata asiyeamini. Chama cha wasioamini hapa Kenya kilisajiliwa 2016 na mwaka huohuo usajili ukasimamishwa, na wakati ule nilisema pale barazani na leo nasema tena, haikuwa sawa, Mungu ninayemwabudu hahitaji ofisi ya serikali imtetee. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 700,000 waliosema hawana dini. Hao si watu wa kutoka sayari nyingine, ni watoto wetu, ni walimu wa watoto wetu, wengine tunakula nao sinia moja na hatujui.

Mimi nilijua. Mpwa wangu, mtoto wa dadangu, alienda chuo Nairobi kusomea fizikia akarudi hasali tena. (Amenipa ruhusa niandike, ila jina nisiliweke.) Hakumwambia mtu, mimi mwenyewe nilijua siku tuliyomzika mamangu, ambaye ni nyanya yake aliyemlea. Alibeba jeneza kutoka nyumbani mpaka makaburini, bega lake halikutoka hata mara moja, aliingia ndani ya kaburi akasaidia kumlaza, akafukia mchanga kwa mikono, lakini ilipofika dua, watu wote wameinua viganja, mimi nikatupa jicho nikaona mikono yake iko chini, imejaa udongo, imening'inia tu. Machozi yanamtoka lakini mikono haikuinuka. Nilikasirika kwanza. Halafu kadiri siku zilivyoenda nikaona yule kijana angeweza kuinua mikono kama wengine na hakuna ambaye angejua, ila hakutaka kusema uongo mbele ya kaburi la nyanya yake, na hilo kwa kweli nimeliheshimu mpaka leo.

Kwa hivyo haya mambo tumeyaongea mimi na yeye usiku mwingi, na mengi nitakayoandika hapa nimeyapata kwake, hata yale ya kumpinga.

Basi sikiliza hii. Mwaka mmoja, jioni ya tarehe 29 Shaabani, tulipanda juu ya paa la nyumba ya jirani kutafuta mwezi. Watu wa kwingine huenda hawajui, sisi Malindi bahari iko mashariki, mwezi mwandamo hautafutwi baharini, unautafuta upande wa bara, juu ya minazi na mapaa ya watu, pale jua linapozamia. Tulikuwa watu wanane hivi. Kulikuwa na wingu refu jembamba limelala palepale penyewe kama kanga imeanikwa. Mpwa wangu alikuja na simu, ana programu inayoonyesha mwezi uko wapi hata kama huuoni, unaielekeza mbinguni inakuwekea alama. Programu ikasema mwezi uko juu ya tangi la maji la nyumba ya tatu, na utazama nusu saa hivi baada ya jua. Sisi tukakodoa macho, hakuna kitu, wingu tu. Mara mzee mmoja kati yetu, mtu mzima sana, jicho moja lina mtoto wa jicho, akasema huo hapo nauona, akaonyesha kidole kule kwenye mnara wa simu. Kijana akamwambia kwa adabu, babu, hapo unapoonyesha hapana mwezi, mwezi uko huku. Mzee akashikilia. Tukashuka tumenuna. Usiku redioni ikatangazwa umeonekana sehemu nyingine, kesho yake tukafunga.

Sasa hiyo jioni nimeifikiria sana, kwa sababu kila kitu ninachotaka kumwambia yule ndugu wa barua kiko palepale juu ya paa. Kijana alikuwa na hakika kuhusu jambo moja, kwamba pale kwenye mnara hapana mwezi, na alikuwa na haki ya kuwa na hakika, alikuwa na kipimo, na kipimo hicho kingeonyesha mwezi kama ungekuwa pale. Mzee alikosea. Lakini mzee kukosea mahali haikumaanisha mwezi haukuandama, uliandama, ulikuwa nyuma ya wingu juu ya tangi la maji! Na sisi wengine sita tuliobaki tulichoweza kusema ni sikuuona. Sikuuona ni neno la kweli. Haukuandama ni neno jingine, hilo ukilisema lazima uwe umeangalia mahali pote penye kuangaliwa, tena kwa jicho linaloweza kuona. Kuna siku unaweza kulisema pia, msije mkadhani napinga hesabu, ikiwa mwezi umezama kabla ya jua siku hiyo basi mtu akija na kiapo kwamba ameuona huna haja ya kubishana naye, hakuuona, kwisha.

Kwa hivyo simwambii huyu ndugu kwamba asiyeamini hawezi kuwa na hakika ya chochote. Anaweza. Sisi wenye dini tukubali hilo mapema tusije tukaaibika. Yule mhubiri Harold Camping wa Marekani alipotangaza kwamba siku ya Bwana itafika Mei 21, 2011, Mei 22 ilipofika kila mtu duniani alikuwa na hakika amekosea, hilo halihitaji imani wala kukosa imani. Wanaosema dunia ina miaka elfu sita tu, hebu waje waangalie kuta zetu za zamani hapa pwani, zile nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, ukipitisha kidole unahisi kabisa maua ya tumbawe ndani ya jiwe, na wataalamu wa miamba wamepima miamba hii ya pwani yetu wakakuta ilikuwa hai chini ya bahari zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Dunia yenyewe ni kama miaka bilioni nne na nusu. Hapo anayesema elfu sita amekosea na asiyeamini ana haki ya kumwambia umekosea bila kusema labda.

Na Shakahola. Ndugu wa barua aliitaja, na mtu wa Malindi ukimtajia Shakahola unamgusa kidonda. Ni hapa kwetu. Aprili 2023 walipoanza kufukua kule msituni mpaka ikafika miili zaidi ya 400, watu waliletwa hapa mjini, jamaa zao walikuja kutoka mbali wakakaa siku nyingi wakingoja vipimo vya DNA wajue mtoto wao ni yupi, nilimpa maji mama mmoja kivulini amekaa na picha ya pasipoti ya bintiye mkononi, hakuwa analia, alikuwa anaiangalia tu ile picha. Kesi iko mahakamani siwezi kuihukumu. Lakini ile habari kwamba ukifunga kula mpaka ufe utakutana na Yesu, mtu akiniuliza kama nina hakika ni makosa nitamjibu ndiyo nina hakika, na mapasta wa hapa walisema, na masheikh walisema, haikuhitaji mkanamungu aje atuambie. Sasa yeye akaichukua Shakahola akapiga nayo hatua moja kubwa, kwamba hawa walikosea kwa sababu ya Mungu kwa hiyo Mungu hayuko. Hiyo ni kama kusema mzee ameonyesha mnara wa simu kwa hiyo hakuna mwezi.

Mpwa wangu aliponisikia nikisema hivi alinijibu jibu ambalo lazima niliandike, manake nikilificha nitakuwa sijawatendea haki. Akasema, "Mjomba, huo mwezi wako una programu, na kesho kutwa unakuwa mkubwa kila mtu anauona mpaka watoto. Mungu wako ataonekana na kila mtu lini?" Nilinyamaza. Nikamwambia ukweli, hapo una haki, hujaona na hakuna kipimo nilichokuletea, kwa hiyo huna deni la kuamini. Akasema basi tumekubaliana. Nikamwambia hapana bado, wewe umesema hujaona, mwenye barua amesema hakuna.

Akaniletea ile ya birika. Huenda wengine mmeisikia, mwanafalsafa wa Uingereza Bertrand Russell mwaka 1952 aliandika kwamba mimi nikisema kuna birika la chai linazunguka jua huko kati ya Dunia na Mars, dogo hata darubini haiwezi kuliona, hakuna atakayeweza kunithibitishia halipo, lakini hakuna mwenye akili atakayeniamini. Maana yake anayedai ndiye wa kuleta ushahidi. Kweli kabisa, na hata kwa kadhi ndivyo ilivyo, mwenye dai ndiye wa kuleta bayyina. Ila niliifikiria ile birika usiku nikaona kwa nini sote tunajua halipo. Si kwa sababu hatujaliona tu. Ni kwa sababu birika tunalijua limetoka wapi, linatengenezwa na mtu, kiwandani ama kwa fundi, na ili lifike huko lazima mtu alirushe na roketi na hakuna aliyelirusha. Yaani tuna habari nyingi za mabirika kabla hatujafika kwenye lile moja. Sasa kuhusu kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwa na kitu, ulimwengu huu wa miaka bilioni 13.8 umetoka wapi na kwa nini una kanuni, huko nani ana habari kiasi hicho? Fizikia ya mpwa wangu inarudi nyuma mpaka karibu na mwanzo kabisa na yeye mwenyewe ananiambia pale inanyamaza. Kunyamaza kwake si ushahidi wangu, sitaki kuwa mtu wa kumchomeka Mungu kila palipo na tundu, lakini pia si ushahidi wa mwenye barua.

Jambo jingine alilosema yule ndugu ni kwamba dini zinapingana, Mkristo anasema Isa alisulubiwa, Mwislamu anasema hakusulubiwa, wote wawili hawawezi kuwa sawa. Kweli hawawezi. Hilo mimi nalikubali bila shida, mmoja wetu amekosea na pengine katika mengine ni mimi. Lakini hebu fikiria ajali ya bodaboda pale njia panda, mashahidi watano, mmoja anasema tuktuk ilikuwa ya bluu, mwingine ya kijani, mmoja anasema ilitoka upande wa Lamu, mwingine upande wa mjini, askari akisema basi nyote mmekosea hapakuwa na ajali, utamuelewa?

Na sisi wenye dini tusishangilie bado. Hakika ya kujidai ilianza kwetu zamani kabla ya hawa vijana. Hapa hapa Malindi, Aprili 1498, Vasco da Gama alipofika, Wareno walikuta merikebu nne za watu wa India bandarini. Wakawapandisha kwenye meli yao wakawaonyesha picha ya Bibi Mariamu chini ya msalaba, wale Wahindi wakainama kwa heshima. Wareno wakaandika kwenye daftari lao la safari kwamba hawa ni Wakristo. Wakavuka bahari mpaka Calicut kule India wakaingia hekalu la Wahindi wakapiga magoti wakasali wakidhani ni kanisa! Waliona kwa macho yao, walisikia kwa masikio yao, na hakika walikuwa nayo tele. Nguzo yao bado iko pale ufukweni, wageni wanapigia picha, na mimi kila nikipita nakumbuka kwamba mtu anaweza kuona kile tu alichokuja nacho moyoni. Kama ilikuwa hivyo kwa wenye msalaba, inaweza kuwa hivyo kwa asiyekuwa nao.

Madrasa tulifundishwa daraja tatu za yakini. Kuna yakini ya kujua, umeona moshi ukajua kuna moto. Kuna yakini ya jicho, umeuona moto wenyewe. Na kuna yakini ya kuungua. Namuuliza ndugu yangu kwa upole, hiyo hakika yako iko daraja gani? Manake hata mimi ninayeamini, Qurani haikunisifu kwa kuona, katika Baqara aya ya 3 imesema wale wanaoamini ghaibu, yaani kisichoonekana. Nabii Ibrahim mwenyewe aliomba aonyeshwe wafu wanavyofufuliwa, akaulizwa je huamini, akasema naamini, lakini ili moyo wangu utulie. Na majirani zangu Wakristo wana yule baba wa kwenye Injili ya Marko aliyesema naamini, nisaidie kutokuamini kwangu. Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, ambaye vitabu vyake vinasomwa mpaka leo kwenye darasa za pwani hii, alieleza jinsi alivyoshikwa na shaka karibu miezi miwili mpaka haamini hata macho yake. Alisema unaangalia kivuli unakiona kimesimama tu, baada ya saa moja unakuta kimesogea, unaiona nyota ndogo kama dinari na hesabu inakwambia ni kubwa kuliko dunia, basi kama jicho limenidanganya, akili nayo nitaiamini kwa nini? Na alipotoka kwenye ile shaka hakusema ametoka kwa hoja. Alisema ni nuru Mungu aliyoitia kifuani mwake.

Nilimsomea hayo mpwa wangu siku moja tumekaa nje umeme umepotea. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, mjomba, hiyo nuru mimi sijaipata. Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayekwambia barua yake haijafika. Na wallahi sikuwa na cha kumjibu, na sikutaka kutengeneza jibu.

Ndo maana neno mkanamungu yeye halitaki. Anasema kukana ni kukataa kitu unachokijua, kama mtu anayekana mtoto wake, mimi sikani, mimi siamini tu. Nikaona ana akili kuliko mwenye barua na kuliko wengi wetu tunaomtukana. Hata Richard Dawkins, ambaye anajulikana dunia nzima kwa kupinga dini, alipotengeneza kipimo chake cha 1 mpaka 7, 1 ni mwenye hakika Mungu yuko na 7 ni mwenye hakika hayuko, yeye mwenyewe alijiweka 6. Sasa huyu ndugu yetu amepata wapi ile moja iliyobaki?

Sikumuandikia nimshinde. Niliandika kwa sababu najua vile neno hili linavyofanya kazi nyumbani. Dadangu akisoma barua kama ile anaona mwanawe ni mtu anayemwambia mamake wewe ni mjinga na mamako alikufa mjinga, na kijana hajawahi kusema hivyo hata siku moja, hakika ya mtu mwingine gazetini ndo inamfanya asikae na mamake Idi. Na upande wetu pia, sheikh ama pasta akisimama na kusema ana hakika kila asiyeamini ni mlevi na mzinzi anayekimbia sheria za Mungu, anafanya yaleyale, hakumuona yule kijana na mikono yake imejaa udongo.

Kwa hiyo nina ombi kwa ndugu wa barua, na Mhariri ukipata nafasi umchapishie jibu lake. Atuambie, kama Mungu angekuwepo yeye alitarajia kuona nini, aliangalia wapi, na kwa kipimo gani. Chochote atakachotaja tutakiangalia pamoja, na kama kuna dai letu ambalo kipimo chake kinaonyesha ni uongo mimi nitakuwa wa kwanza kuliacha. Akisema hajaona, nitamwamini.

Shaabani ikifika 29 sisi tutakuwa juu ya lile paa tena inshallah. Yule mzee ameshasema atakuja ingawa sasa ngazi zinamsumbua, na mpwa wangu amesema atakuja na simu yake na atamshika mkono kupanda. Ndugu yangu kama uko karibu, karibu Majengo, tunapanda kabla ya magharibi.

Wenu,
Mjomba, Majengo, Malindi